Kwa Nini Kichwa cha Fimbo ya Gofu Kimechimbwa Mgongoni

Liko jambo moja nililolitafutia jibu tangu nikiwa na meno yote, na sijalipata: Senkoro mhunzi alijua tangu lini? Ninyi mnaobeba mifuko ya wachezaji hapa uwanjani, geuzeni fimbo ya chuma mtazame. Kichwa chake kimechimbwa mgongoni, uzito umesogezwa kingoni. Hakikuzaliwa hivyo.

Zamani hizo kichwa cha fimbo kilikuwa bonge, chuma chote kimerundikwa katikati. Aliyepiga kwa katikati, mpira wake wa mti uliruka hadi ng'ambo ya bonde. Aliyekosea kwa upana wa kidole, kichwa kiligeuka na mpira ukaenda pembeni. Na huko milimani alikoishi Senkoro jambo hilo halikuwa mchezo. Kila kiangazi kila nyumba ilipiga mara moja, na zamu yake ya kufungulia maji ya bwawa ilipangwa kwa kufuata mpira ulikotua, wa mbali zaidi akitangulia. Nyumba ambayo mpira wake ulipotea kichakani haikuwa na zamu. Mtu hakupigiwa na mwenzake, wala hakugawiwa maji ya mwenzake.

Mwaka huo Nakijwa, dada yake Senkoro, alikuwa mjane, na homa ilikuwa imemwachia mikono inayotetemeka.

"Kaka, fimbo yako hainitii," alisema.

"Lenga katikati tu, dada yangu. Mengine iachie fimbo."

Alikosea kwa upana wa kidole. Chuma kikageuka, mpira ukazama kichakani.

"Mama huyo anawinda kwale!" mtu akapaza sauti, na watu wakacheka. Hata Nakijwa mwenyewe alicheka kidogo. Senkoro hakucheka.

Migomba ya Nakijwa ilikauka kabla ya mwezi wa pili kwisha. Akashuka nyikani kutafuta maji, na habari iliyopanda mlimani baadaye ilikuwa ya msiba.

Wazee walipokwenda kumpa pole mhunzi, aliwawekea mbele kichwa cha fimbo kilichochimbwa mgongoni.

"Uzito ukikaa kingoni," alisema, "mkono ukikosea kidogo, chuma hakigeuki ovyo. Mpira utapungua mwendo, lakini utavuka bonde."

Mzee Kajiru, ambaye nyumba yake haikuwahi kukosa zamu, akauliza, "Sasa chuma kikimsamehe aliyekosea, sisi wenye shabaha tutapata nini?"

"Mtapata majirani."

Kajiru akakichukua kile kichwa, akapitisha kidole ndani ya shimo lake. Kidole kikatoka chekundu. Ilikuwa kutu, tena kutu ya miaka mingi. Akamtazama mhunzi, mhunzi akatazama chini, na hakuna aliyeuliza. Labda Senkoro alikificha kichwa kile miaka yote kwa kulionea fahari bonge lake. Labda aliwahi kuwaonyesha wazee waliotangulia wakamkatalia. Nimewaza yote mawili, na siku nyingine yote mawili huniuma sawasawa.

Tangu kikao kile fimbo huvumilia mkono unaotetemeka. Wazee waliamua kila kichwa kichimbwe mgongoni kabla ya kiangazi kingine, na Senkoro ndiye aliyevichimba vyote, peke yake. Cha mwisho kilikuwa kile alichokishika Nakijwa.