Bongo la Kamba la Mfalme Kifaru

Paukwa!

Pakawa!

Wewe mwenye muhogo mdomoni, umeitika nini? Haya, tegeni masikio.

Hapo zamani za kale njaa iliingia mwitu wa Mfalme Kifaru. Vikabaki viazi vya porini tu, navyo vinafanana mno: kuna ming'oko inayoshibisha, na kuna ndiga inayoua. Mama Swala alikuwa amekwisha kumzika mwana mmoja kwa ndiga. Aliyebaki, Kitete, hata kusimama hawezi.

Kifaru akamwita Nyani, fundi wake. "Nijengee bongo kubwa kuliko bongo zote! Litwambie kipi kinaliwa."

Nyani akawaunganisha wanyama wote kwa kamba. Kila mmoja anuse. Akiona kinafaa, avute. Kamba ya mwisho ipige kengele. "Na asiyevuta," akasema, "leo hapati togwa ya akiba ya mfalme."

Wakaleta kiazi. Wakavuta wote: ngo! Kinafaa!

Wakaleta jiwe. Wakavuta wote: ngo! Linafaa!

Wakaleta kinyesi cha mfalme mwenyewe. Wee! Kengele nusura ikatike.

Inzi wa ndizi akatua puani mwa Kifaru, akacheka hadi mbawa zikamlegea. "Mfalme, kichwa changu hakifiki punje ya ulezi, na ndani wamo wengi wenye kamba vilevile. Lakini harufu ikiingia, yuko mmoja kazi yake kunyamazisha. Wanabaki wachache, wale wanaoijua harufu ile. Ninyi mnaropoka wote, mtajuaje?"

"Kumbe tumekosa mnyamazishaji!" akanguruma Kifaru. "Basi ni mimi. Twiga, kimya! Nyumbu, kimya! Ngiri, kimya!"

"Lakini Ngiri ndiye mchimba viazi..." akadakia Nungunungu.

"Na wewe kimya!"

Akabaki Nyani na kamba yake. Kiazi hakukinusa, alinusa uso wa mfalme. Ngo! "Kinafaa, mtukufu!"

Mama Swala akamtazama Kitete, machozi yakamlenga. "Shikamoo, baba mfalme. Mimi nimeshazika. Onja wewe kwanza."

Mbele ya watu wote, atakataaje? Akang'ata. Lo! Ulimi ukavimba, ukajaa kinywa. Akataka kuamuru, ikatoka "Mmmh!" na udenda. Nyani huyoo, juu ya mti. Wengine nao wakaachia kamba. Togwa tamu, lakini roho tamu zaidi.

Wakabaki Ngiri na Nungunungu, waliozaliwa wakichimba viazi hivyo. Kikaletwa kiazi, wakanusa, kamba zikalala. Kikaletwa cha pili, kamba zikalala. Kikaletwa cha tatu, wakavuta taratibu: ngo.

Mama Swala akakipokea, akamlisha mwanawe. Kitete akala, akasimama, akaomba kingine.

"Bongo lenu lilikuwa zima tangu mwanzo," akasema Inzi. "Lilingoja ulimi mmoja tu uvimbe."

Hadithi yangu imeishia papa hapa. Anayejua aseme, asiyejua aachie kamba.