Kiti Hakikupatikana

Kaeni mlivyo. Aliyejinyoosha asijikunje kwa ajili yangu, maana kisa hiki ni cha watu waliochoka.

Walikuwa wanawake watatu wa kilinge kimoja, kilinge cha ruhani mpenda manukato aliyeitwa Mwinyi Marashi. Bi. Mwanakheri alijaliwa sikio na mkono: hakuna aliyempita kugonga upatu. Sisemi upatu wa kuchangishana, nasema sinia la shaba linalogongwa kumwita pepo. Bi. Riziki alijaliwa ulimi: nyimbo zote za kilinge alikuwa nazo, na matusi pia. Bi. Somoe alijaliwa kichwa. Pepo akipanda, alipanda kwake.

Kilinge hicho kilivunjwa miaka hamsini iliyopita. Askari wa bomani walikuja mchana kweupe, ati mke wa mkubwa mmoja hapati usingizi kwa kelele. Wenye midomo husema mke huyo alikuwa mteja wa pale pale, na kanzu ya kuchezea alikwisha kuishona, mimi simo. Upatu ukachukuliwa, ukazungushwa ofisi hii na ile mpaka ukaishia jumba la makumbusho. Wale watatu wakaendelea kuzeeka.

Mwaka huu makumbusho wakafungua maonyesho ya vitu vya pepo: ngoma, vyetezo, mikoba ya waganga, vyote nyuma ya vioo. Upatu tu ndio uliotundikwa nje, wageni wausikie. Kila kundi likiingia, mwongozaji anaugonga. Na kila akiugonga, Bi. Somoe, nyumbani kwake mtaa wa tatu kutoka pale, anaanguka. Alianguka akichuja tui. Alianguka akitawadha. Siku zilipokuja shule mbili pamoja alianguka mara tisa.

Akawaambia wenzake, "Shoga zangu, nina miaka sabini na mbili. Huyu Mwinyi Marashi haoni haya?"

Wakaenda kuudai upatu wao. Aliyewapokea ni Bwana Hiza, mtunza vitu, mtu wa makamo, mwenye adabu na macho ya mtu asiyepata likizo. Akafungua daftari.

"Bibi zangu, kurudishwa kunawezekana. Lakini sharti muutambue, mseme kilichoandikwa nyuma yake, na mlete kipande kilichopungua."

Yakaletwa masinia matano yanayofanana, Bi. Mwanakheri akageuzwa uso ukutani. Bi. Somoe aliomba yagongwe kwa ukucha tu, naye apumzike kidogo. Hiza akagonga la kwanza. "Hilo la pilau," akasema Bi. Mwanakheri. La pili: "Lina ufa." La tatu lilipogongwa, mkono wake wa kulia ulianza kupiga wenyewe pajani. "Ndio huo," akasema. "Umekonda."

Kabla upatu haujageuzwa, Bi. Riziki akafumba macho akaimba, sauti imekwaruza kama mlango wa banda: "Abishaye hodi kwetu, apewe maji kwanza, jina lake baadaye." Hiza akaugeuza. Chuo cha Kurani alikipitia utotoni, basi akafuata herufi za Kiarabu kwa kidole, taratibu. Yalikuwa maneno yale yale.

"Umeziruka irabu," Bi. Riziki akamwambia. "Mwalimu wako alikuwa nani?"

Likabaki sharti la tatu. Hiza akatoa kadi kuukuu akaisoma: "Upatu wa pepo, pamoja na kiti chake. Kiti hakikupatikana." Akaikunja miwani. "Miaka yote hii tunakitafuta. Tuna vigoda sita stoo, hakuna kinacholingana."

Wale watatu wakatazamana. Bi. Riziki alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akamnyooshea kidole Bi. Somoe. "Kiti si hicho kimekaa hapo?"

"Bibi, huyu ni mtu."

"Anayekaliwa na pepo ndiye kiti, mwanangu. Ulidhani Mwinyi Marashi anakalia kigoda?"

"Sasa kwa nini hakikupatikana?"

"Nilikimbia," akasema Bi. Somoe. "Nilipitia uani, kwa miguu yangu. Nilikuwa nayo wakati ule."

Hiza akasema hawezi kuandika hilo bila kuona. Bi. Somoe akashusha pumzi. Akavua viatu, akatandika kanga yake sakafuni, maana alijua ataangukia wapi. "Gonga basi. Gonga kweli, tumalize."

Akagonga. Bibi yule akaenda chini, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kiume. Ikadai marashi. Ikamtaja kwa jina askari aliyebeba upatu siku ile, jina lililokuwa kwenye daftari la Hiza peke yake. Bi. Somoe alipoinuliwa, kiwiko kilikuwa kinatoka damu. Hiza akalikata neno "hakikupatikana", akaandika "kimepatikana".

Mngedhani yameisha. Lakini daftari lina mstari mmoja wa mpokeaji, na atakayeandikwa ndiye mwenye upatu, amri yote ni yake.

"Niandike mimi," akasema Bi. Mwanakheri. "Bila sikio langu mngebeba sinia la pilau. Mkono huu umekaa bure miaka hamsini, na wateja bado wananigongea mlango. Nitaugonga mpaka nife."

"Bila ulimi wangu ungebaki kuwa shaba," akasema Bi. Riziki. "Nina wajukuu wawili wanaotaka kujifunza. Wimbo bila upatu wake haukai kichwani. Nikifa hivi hivi, nakufa nao."

Bi. Somoe alikuwa anabonyeza kiwiko kwa ncha ya kanga. "Bila mimi kadi ingebaki vile vile. Nipeni nikausukume uvunguni, usigongwe tena. Magoti yangu hayawezi kumbeba mwanamume, hata wa kipepo."

"Pepo asiyeitwa hukasirika, Somoe," akasema Bi. Mwanakheri. "Atakukaba."

"Akinikaba, nitakuwa nimelala."

Hiza aliwatazama, kalamu mkononi. "Bibi zangu, nafasi ni ya jina moja."

Basi mimi nimefika hapo, sina zaidi. Mmoja aliusikia, mmoja aliusemea, mmoja aliuangukia. Wewe uliyekaa kimya muda wote huu, kalamu ishike: ungemwandika nani?