Pishi Nne za Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, au na nyie mmeshibishwa maneno? Haya.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walikuwa na ghala moja la mtama, na jumbe wao alikuwa Kiboko. Mwaka huo njaa iliuma. Iliuma, iliuma, mpaka mbavu zikahesabika.

Siku ya baraza wanyama waliamriwa waje na mifuko yao ya mbegu, wakaitua chini. Kiboko akatoka majini, chubwi! chubwi! Akaketi.

"Njaa imekwisha," akasema. "Kabla yangu kila nyumba ilipata pishi mbili za mtama kwa mwezi. Leo mnapata ngapi?"

"Nne!"

"Ngapi?"

"Nne! Nne! Nne!" Makofi, pa! pa! pa!

"Basi kwa kuwa mmeshiba, kila mmoja aniachie hapa mfuko wake wa mbegu. Nitawalisha mafundi wanaonijengea kivuli."

Bi Nungu, nungunungu mjane mwenye wajukuu watano, akapiga hesabu yake. Mbegu ikienda, msimu ujao hakuna kupanda. Asipopanda, wale watano atawazika. Akatazama huku, akatazama kule, labda atasimama mwingine. Wapi! Akaguna. Akasimama.

"Kaa chini, shoga," Digidigi akamnong'oneza. "Utatuharibia baraza."

"Wanao jana wamekula?"

"Wamekula."

"Wameshiba?"

Digidigi akasogea kumpisha.

Bi Nungu akajikokota hadi nyumbani, akarudi na pishi ya mti ya marehemu mama yake, ile anayowekea chumvi. Akaikung'uta. Akamwambia Ngiri, mtunza ghala, "Nipimie posho yangu humu."

Ngiri akamtazama Kiboko. Kiboko akacheka. "Mpimie, bibi huyu aridhike."

Ngiri akachota kwa pishi ya ghala. Chwaa! Moja. Chwaa! Mbili. Chwaa! Tatu. Chwaa! Nne.

Pishi ya mama yake Bi Nungu haikujaa. Pishi nne za Kiboko hazikujaza moja ya zamani!

Wote wakasogea kuchungulia.

"Mti huo umevimba kwa chumvi," akasema Kiboko. Wengine wakacheka, maana walishazoea kucheka akisema.

"Umevimba?" Bi Nungu akasema. "Haya, leteni za bibi zenu. Tuone kama ukoo mzima ulivimba."

Kanga akaleta ya kwao. Haikujaa. Komba akaleta ya kwao. Haikujaa. Digidigi akaleta ya kwao, imeliwa na mchwa ukingoni. Nayo haikujaa.

Kiboko akafura. "Nani amewatuma?"

"Njaa," akasema Digidigi. Akaokota mfuko wake wa mbegu, akaondoka. Kanga akaokota wake. Komba akaokota wake, na Bi Nungu wake. Kiboko bado anahutubia, wao wanaondoka.

Lakini si wote. Wapo waliopiga makofi mno, wakaona haya kuinama kuokota. Wakaiacha mifuko pale pale. Msimu uliofuata mashamba yao yalikuwa magugu matupu.

Bi Nungu hakuna aliyemwambia ahsante, naye hakungoja. Alfajiri aliingia shambani, mgongo unamuuma, akafukia mbegu zake moja moja.

Basi, wakubwa kwa wadogo, mkiambiwa mmezidishiwa, msikimbilie kuhesabu. Kitazameni kwanza kilichopimia. Na ukishajua umedanganywa, okota chako uende. Aibu haipikwi ugali.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mwenye shingo aibebe, mimi nimechoka.