Sura ya Mama Gome

Ufa ukiwa mchanga huzibwa kwa konzi moja ya udongo. Ukiachwa ukomae, mwenye nyumba ataita mafundi, atanunua matofali, na juu ya hayo atalala nje akisubiri ukuta ukauke. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hii imeimbwa madarasani mpaka imechoka, lakini siku ilipobisha hodi kwenye kiwanda cha Mama Gome haikuwa wimbo tena.

Mama Gome aliitwa hivyo kwa sababu tangu ujana wake amekuwa akichemsha magome ya miti na kuyachanganya na asali kuwa dawa ya kikohozi. Kwa miaka mingi aliipikia jikoni. Kisha binti yake mkubwa akasema kwamba dawa nzuri haistahili kujificha kama bidhaa ya magendo. Akaenda Mamlaka ya Dawa, akarudishwa, akaenda tena, mpaka mabawabu wakazoea salamu yake. Chumba cha uani kikawekwa vigae vyeupe, sinki na nyavu za madirisha. Wafanyakazi wakavishwa kofia na glavu, na kila toleo la dawa likapewa namba yake. Cheti cha usajili kilipotundikwa ukutani, Mama Gome alikifuta vumbi ambalo halikuwepo, akajifanya ana mafua ili asionekane analia. Kwenye kila chupa ikabandikwa picha yake, kilemba kichwani, midomo imefungwa, macho yamemkazia mnunuzi kana kwamba yanamuuliza kama amekula.

Binti huyo mtaa mzima ulimwita Meneja. Mdogo wake wa kiume, aliyeuza dawa duka kwa duka, aliitwa Redio, kwa kuwa hakuumbwa na swichi ya kuzimia.

Siku moja kabla ya lori la maduka makubwa ya dawa kuja kuchukua mzigo wake wa kwanza, fundi cherehani wa jirani alisimama mlangoni. Alikuwa ameufunika mdomo kwa ncha ya mtandio, na alipoufunua, ulikuwa umevimba kama wa mtu aliyeumwa na nyuki.

"Sikuja kushtaki, mwanangu," alimwambia Meneja. "Dawa ya mama yako nimeinywa miaka nenda miaka rudi. Ila hii chupa mpya, mwili umeniwasha, na moyo ukaenda mbio kama unafukuzwa. Nikasema nije kwako kabla sijamwambia mtu."

Meneja alimpeleka zahanati kwanza, akamsubiri mpaka uvimbe ulipoanza kupungua. Aliporudi kiwandani na ile chupa mkononi, Redio alikuwa amekwisha kusikia.

"Dada, mtu mmoja tu!" alisema. "Pengine kala kitu kingine. Lori linakuja kesho. Ukitoa neno, mama atatazamwa vipi? Sura yake iko kwenye kila chupa! Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na akishapita?"

"Tunalifunua, tunaendelea na biashara."

Meneja hakucheka. Alisoma namba ya toleo kwenye chupa, na toleo lile alilijua. Mama Gome alikuwa na sharti moja lisilovunjwa: gome hununuliwa zima, na ganda lake la nje, likiwa bado na kovu la panga. "Unga hauna uso," alizoea kusema. "Ukishasagwa, mti wowote ni mti wowote." Lakini msimu huo maumivu ya miguu yalikuwa yamemlaza mama kitandani, maagizo yalikuwa mengi, na mchuuzi akaja na magunia ya gome lililokwisha kusagwa. Meneja, kwa haraka ya kulijaza lori, alinusa, akaiona harufu ni ile ile, akanunua.

Sasa alikaa katikati ya maboksi. Kila upande alikogeuka, mama alikuwa akimtazama kutoka kwenye chupa. Kama angenyamaza, kesho sura ile ingepanda lori, ingesambaa mjini, ingeingia nyumba za watu asiowajua na kulala kando ya vitanda vya watoto wao. Aliona haya, kisha akaona hofu, kisha akapiga moyo konde na kuinua simu.

"Nataka kutoa taarifa ya madhara ya dawa," aliwaambia wa Mamlaka.

"Dawa ya nani?"

"Yetu."

Aliyepokea akamwomba arudie, kuhakikisha hajakosea kusikia.

Simu ile ilikuwa rahisi kuliko safari ya kwenda chumbani kwa mama.

"Umenunua unga?" Mama Gome aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mimi niliyekuzaa, nikakukanya kwa mdomo wangu, ukanunua unga?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Na hiyo simu, umepiga mwenyewe au umebanwa?"

"Nimepiga mwenyewe."

Mama Gome akaanza kutafuta ndara zake kwa vidole vya miguu. "Nipe mkono. Mkaguzi haji nyumbani kwangu akanikuta nimelala."

Mkaguzi alikuwa mwanamke mkavu, mwenye viatu bapa na maneno machache. Redio alimkaribisha soda kwa tabasamu lake la dukani. "Ninapokagua sinywi cha mtu," alijibiwa, tabasamu likarudi lilikotoka. Mkaguzi alichukua sampuli za unga na za dawa, akaupiga mlango wa kiwanda lakiri, usifunguliwe mpaka majibu ya maabara yatoke. Lori lilipokuja liliondoka tupu.

"Chupa zilizokwisha kutoka zirudi zote," alisema. "Nani anajua zilipo?"

Wote walimgeukia Redio, naye akachukua daftari lake la mauzo. Alikwenda mwenyewe. Alizunguka duka kwa duka akichukua chupa alizoziuza kwa mbwembwe. Duka lililokuwa limeuza, aliuliza aliyenunua anakaa wapi, akabisha hodi huko. Mwishowe akaingia studio ya redio ya mji, akawasihi wasikilizaji wairudishe dawa ya mama yake mzazi. Hakutia mbwembwe hata moja kwenye tangazo, na waliomsikia walimwamini kuliko siku zote.

Mtaa haukukosa maneno. Wapo waliosema Mama Gome kawanywesha watu sumu, wapo waliovuka barabara wasimsalimie. Meneja alitembea akiangalia vidole vyake. Mama yake, kinyume chake, alitoa kiti akaketi mbele ya mlango uliopigwa lakiri. "Walioiona sura yangu kwenye chupa," alisema, "waione na hapa."

Majibu ya maabara yalipotoka, yalikuwa kama alivyohofia Meneja: gome la kweli lilichanganywa na la mti mwingine, wenye kuudhuru moyo. Karibu chupa zote zilikuwa zimerudi, na hakuna aliyeumia zaidi ya fundi cherehani, ambaye alikwisha kupona na kurudi kwenye cherehani yake.

Unga ule ule ulikuwa umeuzwa pia kwa Daktari Miujiza, mwenye mabango kila barabara, ambaye hakuwa daktari, na muujiza wake bado unasubiriwa. Naye aliletewa malalamiko. Aliwaziba midomo wenye kulalamika kwa kuwapa chupa nyingine ya bure. Wagonjwa walipofurika hospitali, Mamlaka ilimfutia usajili wa dawa zake zote, hata zile zisizokuwa na kasoro, na sasa anashinda kwenye korido za mahakama.

Mkaguzi alirudi kuufungua mlango. "Milango ninayoipiga lakiri huwa naitafuta mwenyewe," alimwambia Meneja akikunja utepe. "Huu niliitiwa." Safari hii aliyetabasamu ni mkaguzi.

Toleo jipya lilipikwa kwa magome mazima, Mama Gome akiyapapasa moja moja makovu ya panga. Wa kwanza kuja kununua alikuwa fundi cherehani. Alifungua chupa pale pale mlangoni, akanywa kijiko mbele ya majirani, akajifuta mdomo, akasema, "Ndiyo yenyewe." Nyuma yake watu walikuwa wamejipanga, na nyuma ya watu, lori.

"Lebo zijazo," Mama Gome akatangaza akimshika Meneja bega, "wekeni sura ya huyu."

"Mama!" Redio akaruka. "Sura ya kununa hivi? Watu watadhani dawa ni chungu!"

"Si ni chungu kweli? Basi watajua huyu hawadanganyi."

Meneja alitaka kucheka, machozi yakamtangulia, na hakuyaficha, kwa maana siku hiyo alijiona mrefu kuliko mlango. Daktari Miujiza angali anahangaika na matofali. Kwao konzi moja ya udongo ilitosha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.