Adui Aliyesubiri Mtoto Azaliwe

Hii nimeletewa na shemeji asubuhi, chai yangu ikapoa nikiisoma. Nanyi isomeni, kisha mpelekeeni mliyenuniana naye.

Zamani za vita, Mjerumani mmoja, Nahodha Detlef Harmsen, alizunguka baharini na meli ya kivita iliyojifanya ya mizigo. Mizinga yake ilifichwa nyuma ya mbao. Kazi yake ilikuwa kuzamisha meli za biashara za Waingereza, lakini alikuwa na sharti moja: kwanza watu wote watolewe salama.

Siku moja akaikamata meli ya Nahodha Pritchard, Mwingereza. Mabaharia wakahamishiwa kwa Harmsen. Pritchard akagoma.

"Mke wangu ana uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Ukimshusha kwenye mashua, nawapoteza wote wawili."

Harmsen akampelekea daktari wake, akasubiri.

Mara msaidizi wake akaja mbio. "Mkuu, moshi ule! Manowari ya Waingereza! Tukimbie, la sivyo tumekwisha!"

"Daktari amemaliza?"

"Bado."

"Basi hatuondoki."

Loo! Manowari ikasogea, ikamuuliza Pritchard kwa bendera za ishara: "Mna shida gani?"

Jibu moja tu, na Harmsen na watu wake mia tatu wangekuwa chakula cha samaki. Alisimama pale akitokwa jasho, akiwaonea huruma vijana wake.

Pritchard akapandisha bendera zake: "Mke wangu anajifungua. Jirani ametuletea daktari."

"Hongereni," manowari ikajibu, ikaenda zake.

Haikupita saa, mtoto wa kike akalia. Harmsen akavuka kwenda kwao.

"Kwa nini hukuniuza?"

Pritchard alikuwa analia wala haoni haya. "Ulikuwa na nafasi ya kutukimbia, hukutukimbia. Ningekuuzaje, bwana?"

Harmsen akawarudisha mabaharia wote. "Nendeni zenu. Leo sijaona meli yoyote."

Kabla ya kuondoka akaomba, kwa aibu kidogo, ampakate mtoto. Alikuwa na mabinti watatu kwao, na wote walizaliwa yeye akiwa baharini. Mama akamwekea kichanga mikononi, akamwonyesha namna ya kushika shingo.

Funzo: Usingoje adui awe rafiki ndipo umtendee utu, mtendee utu leo, huenda kesho asiweze tena kuwa adui yako.