Kibuyu cha Shanga Nyekundu

Hapo zamani za kale, na msiniulize zamani ipi maana hata bibi yangu hakuwepo, wanyama walikuwa na nyumba, majiko, na majirani wenye midomo. Wewe hapo nyuma, acha kumfinya mwenzio, sikiliza!

Mama Tembo alikuwa na ghala la mtama. Huo ndio uliokuwa uji wa mwanawe Kadogo kwa kiangazi chote. Alikuwa pia na kibuyu cha maziwa, kizima, hakivuji hata tone. Kila nyumba ilikuwa na chake, na kila nyumba ilikifukiza kwa moshi wa kuni zake, maziwa yapate kunukia.

Nguchiro hakuwa na ghala. Alikuwa na shimo, mdomo, na baragumu.

Siku moja, puuu! puuu! Mbiu ikalia. Wanyama wakaja mbio, wakidhani kuna moto.

"Kuna nini?" akauliza Kifaru, anahema.

"Kuna kibuyu!" Nguchiro akainua kibuyu alichokichuma porini na kukivisha shanga za kijani. Nyuma yake lilikuwepo lundo zima.

"Kinafanya nini?" akauliza Mama Tembo.

"Aa, Mama Tembo! Nawe huna habari?"

Lo! Nani atakubali kuwa hana habari? Kifaru akatoa kikapu cha mtama, akachukua kimoja. Mama Tembo naye akatoa. Alipofika nyumbani, kibuyu cha zamani akakitupa jalalani. Viwili vya nini?

Kabla hawajakizoea, puuu! Safari hii shanga zilikuwa za buluu.

"Lakini tunacho cha kijani," akasema Kifaru.

"Bado mnacho kile?" Nguchiro akaziba mdomo kwa huruma. "Basi, yaishe. Mimi simsemi mtu."

Wakanunua, jalala likajaa vibuyu vizima.

Kadogo alikuwa mtoto wa maswali. "Mama, kile cha kijani kimevunjika?"

"Hakikuvunjika."

"Kinavuja?"

"Hakivuji."

"Sasa mbona tumekitupa?"

"Nyamaza! Majirani watatuonaje?"

Zikaja shanga nyekundu. Mama Tembo akaingia ghalani, akakwangua, kwaru kwaru, mpaka sakafu ikaonekana. Mtama wote ukaenda kwa Nguchiro.

Alipofika nyumbani alitia mkonga kibuyuni. Fff! Akashtuka. Fff! Fff!

"Kadogo, hebu njoo unuse."

Kadogo akanusa. "Moshi wa mkwaju, Mama. Kinanukia kwetu."

Na nyumba iliyochoma mkwaju ilikuwa moja tu, yao. Kile kilikuwa kibuyu chao cha zamani, kimevishwa shanga!

Mama Tembo akatoka, gidi gidi gidi, mpaka jalalani. Jalala tupu, hakuna hata kibuyu kimoja! Nyayo ndogondogo zilitoka pale zikaenda moja kwa moja hadi shimoni kwa Nguchiro.

"Nguchiro! Toka!"

"Shikamoo, Mama Tembo!" ikajibu sauti toka ndani.

"Marahaba," akaitikia kwa mazoea, kisha akazidi kukasirika. "Umeniuzia kibuyu changu mwenyewe!"

"Ni chako kweli. Si ulikitupa?"

"Ulinidanganya!"

"Nilikuambia ukitupe? Nilikushika mkonga? Mimi niliuliza tu, 'Bado mnacho kile?'"

Mama Tembo akajaribu kuingiza mkonga, ukakwama. Kifaru akaja kuchimba, pembe ikagonga mwamba, ngo! Wakubwa wote wale wakasimama juu ya shimo dogo, kila mmoja na kibuyu chake kinachometameta. Huko ndani mtu anatafuna, kacha kacha kacha.

Mama Tembo akarudi nyumbani. Kadogo alikuwa ameketi jikoni, tumbo linamnguruma.

"Mama, uji uko wapi?"

Mama Tembo akamwekea kibuyu cha shanga nyekundu mbele yake. Kadogo akachungulia kwa jicho moja, akachungulia kwa la pili, akakitikisa sikioni.

"Ni kizuri, Mama," akasema. "Lakini ndani hamna kitu."

Mama Tembo akalia, jamani, akalia mpaka majirani wakasikia. Tangu siku hiyo tembo hakimbilii mbiu ya mtu. Kwanza huinua mkonga, akanusa.

Nami hapa ndipo ninapotua mzigo wangu, nanyi ondokeni na hili: usitupe kisichovuja kwa sababu umeonyeshwa kinachong'aa.