Konokono wa Nyamizi

Nyamizi alikuwa na mtoto anayetambaa na bustani ndogo ya biringanya, nayo ndiyo iliyowalisha. Mwaka mmoja konokono wakaivamia. Sumu hakuitaka, maana mtoto alikuwa hajaacha kuchota udongo na kuutia mdomoni. Akaenda kuazima bata kwa jirani yake tajiri, Bwana Ndaki.

"Bata wangu wakufanyie kazi bure? Nipe nusu ya mavuno!"

"Basi, baba, nimeghairi," akasema Nyamizi. "Ila uwafungie vizuri. Wale konokono nitawalea. Nikipata bata wangu nitawalisha hao, maana hakuna kinachonenepesha bata kama konokono. Wako wakiniingilia, nitalia mimi."

Alfajiri Bwana Ndaki akafungua banda, akawaswaga bata wake wote hadi bustanini kwa Nyamizi. Wakala mpaka wakashindwa kutembea.

"Jamani, konokono wangu!" Nyamizi akapiga kelele mlangoni, mtoto mgongoni. "Wamebaki wale wa mtaroni tu. Hao niachie, baba, nakuomba!"

Kesho yake bata wakaanzia mtaroni.

Biringanya zilipokomaa, Nyamizi akampelekea jirani yake kapu zima. Bwana Ndaki akazila huku akicheka. "Mwanamke mjinga huyu! Nimemmalizia konokono wote, na bado ananiletea mboga."

Mkewe akaweka kijiko chini.

"Mume wangu," akauliza taratibu, "ile nusu ya mavuno uliyomdai, ilikuwa malipo ya kazi gani vile?"